Msitu wa Wenye Ndevu

Mashimo yale yalitapakaa kilimani kote kama makaburi yaliyofukuliwa yakaachwa wazi. Pinamen alisimama katikati yake, bunduki begani, akayatazama moja baada ya jingine. Majuma machache yaliyopita atiku, wale wanyama wenye pembe zilizotawanyika kama matawi, walikuwa hapo wakiparua theluji kwa kwato zao pana na kuzamisha pua chini, wakila kuvu nyeupe inayoota ardhini kama sifongo. Sasa kila shimo lilikuwa limezibwa na barafu ngumu kama kioo. Chini ya kioo hicho kuvu ilionekana wazi, nyeupe pe, kama chakula katika duka lililofungwa. Mnyama hakuwapo. Unyayo haukuwapo. Hata kunguru, ambaye kwa kawaida hakosi la kusema, siku hiyo alikuwa kimya.

Yote yaliletwa na mvua. Katikati ya majira ya baridi, wakati ambapo hakuna anayetarajia tone la maji kutoka mbinguni, mvua ilinyesha kutwa nzima juu ya theluji. Usiku upepo wa kaskazini ukaja ukaigandisha nchi yote. Kulipopambazuka dunia ilikuwa imevaa gamba. Misonobari ilimeta, ziwa lilimeta, na atiku walikuwa wametoweka kana kwamba ardhi iliwameza kabla ya kufunga kinywa.

Na mwaka ulikuwa umeanza vizuri. Pinamen na mumewe Shimun waliupanda mto kwa mtumbwi kutoka misheni ya pwani, pamoja na binti yao mdogo Tenish na Anishen, mama mzazi wa Shimun. Majani yalipoanza kuanguka, atiku walizurura msituni wakitafuta uyoga, nao madume walinona hadi migongo yao ikawa laini kama mito ya kulalia. Shimun aliwinda, wanawake wakakausha nyama, na jioni hema lao lilinukia mafuta. Lakini neema haina mkataba na mtu. Siku moja Shimun aliteleza kwenye mawe akiwa na mzigo wa nyama mgongoni, mguu ukavunjika chini ya goti. Tangu hapo alilala ubavuni mwa jiko la bati, mguu umefungwa baina ya vipande vya ubao, na bunduki ikahamia begani kwa mkewe.

Pinamen hakuiogopa kazi hiyo. Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye mwendo wa kunyooka kama mti ambao haujawahi kubeba theluji, na shabaha yake haikuwa ya kubahatisha. Ila jioni hiyo alirudi hemani mikono mitupu kwa mara nyingine.

"Mama Tenish," Shimun alimkaribisha, "naona leo umeua njaa peke yake."

"Njaa haijafa. Nimeiacha mlangoni, inakuja nyuma yangu."

"Basi iambie ivue viatu. Mama ametandika matawi mapya."

Walicheka kidogo, maana kicheko hakihitaji unga. Kisha Tenish akaomba nyama, na kicheko kikakatika. Anishen akamimina chai, ambayo kwa kweli ilikuwa maji ya moto yaliyowahi kukutana na majani ya chai, akampa mtoto kwanza.

"Kilimani hakuna kitu," Pinamen alisema. "Ziwani pia hakuna. Lakini niliwasikia."

Mkwewe aliinua macho. "Uliwasikia wapi?"

"Kwenye ukungu, kando ya ziwa. Tak, tak, tak. Walikuwa wengi. Walinipita upande huu na upande huu, karibu hata ningenyoosha mkono. Sikuona hata mmoja."

Kila mtu hemani aliijua sauti hiyo. Atiku anapotembea, mishipa ya miguu yake hualika kama vidole vya mtu anayevinyoosha. Ni sauti njema kwa mwindaji. Lakini kuisikia pande zote bila kuuona mwili, juu ya barafu isiyoshika unyayo, hilo lilimfanya hata Shimun asahau mzaha.

"Walikuwa wanaelekea wapi?" aliuliza.

Hakukuwa na haja ya kuuliza. Ardhi inapofungwa, atiku huacha kuinama, akainua kichwa na kula ndevu za miti, zile nyuzi nyeusi na za kijivu zinazoning'inia kwenye misonobari mizee. Na misonobari mizee katika nchi hiyo ilibaki mahali pamoja tu, ng'ambo ya ziwa, ambako moto wa msitu haukuwahi kufika. Watu wa mto waliuita msitu huo Wenye Ndevu. Hakuna aliyepiga hema huko. Ilisemekana kwamba zamani, kabla hata Anishen hajazaliwa, mtu mmoja aliingia humo na mkewe na watoto wake wakati wa njaa, na hawakutoka. Waliopita ziwani baadaye waliapa kwamba kila majira ya baridi, pembeni mwa msitu huo, huonekana mti mmoja ambao mwaka uliopita haukuwapo.

"Nitakwenda kesho," Pinamen alisema. Hakuna aliyemzuia. Mfa maji haulizi kina.

Asubuhi ilikuja na mwanga hafifu, jua limejificha kama mdaiwa. Pinamen alivuka ziwa akiwa amevaa viatu vyake vipana vya nyavu vya kutembelea theluji. Alipofika ukingoni mwa Wenye Ndevu alisimama. Nje kulikuwa na upepo, ndani hapakuwa na upepo. Hata hivyo ndevu zote zilikuwa zinayumba, polepole, kama ndevu za wazee wanaotafuna kitu kimoja. Alipiga moyo konde, akaingia.

Hakwenda mbali. Matawi ya chini yalishikana kama watu waliokumbatiana kuzuia mlango, na kila hatua yake ilivunja gamba la barafu kwa mlio kama wa bunduki. Paa! Kisha kimya. Paa! Kisha kimya. Mbele yake, nyuma ya matawi, alihisi vichwa vingi vikiinuliwa kwa wakati mmoja. Tak, tak, tak, wakaondoka, bila haraka. Na walipokwisha kuondoka, akasikia hatua moja zaidi, nzito, isiyoalika. Hiyo ilikuwa nyuma yake. Aligeuka. Palikuwa na mti tu.

Alirudi nyumbani mbio. Kesho yake akaenda tena, akaingia kwa upande mwingine, akaambulia yaleyale.

"Ulisikika hadi hapa," Shimun alimwambia kwa upole. "Nilidhani umebeba masufuria."

"Barafu inavunjika, nifanyeje? Niote mabawa?"

Anishen alikuwa anachemsha kipande cha ngozi mbichi. Alizungumza bila kugeuka. "Mume wangu alipoingia misitu ya namna hiyo, mwanangu, aliingia kwa tumbo. Alivua viatu vya nyavu, akalala, akatambaa. Mtu akilala, gamba linambeba."

"Mimi sitambai."

"Kwa nini?"

"Nimesema sitambai, mama. Nitafute njia nyingine."

"Njia nyingine ipi? Atiku hawana mlango wa mbele wa kubisha hodi."

"Basi tufe tumesimama," Pinamen alisema. Sauti yake ilikuwa kali hata yeye mwenyewe akaisikia vibaya. Alitoka nje, akasimama kwenye baridi mpaka machozi yakaganda kwenye kope.

Mkwewe hakujua sababu, na Shimun alijua nusu tu. Pinamen alipokuwa mdogo, njaa iliwakumba wazazi wake ndani ya nchi. Baba alifia njiani. Mama yake alimbeba mgongoni, na miguu ilipomwishia, akaenda kwa mikono na magoti. Ndivyo alivyoingia misheni, mchana kweupe, watu wakitoka kanisani. Mwanamke anayetambaa kama mnyama, mtoto mgongoni. Alikufa jioni hiyohiyo. Watoto wa misheni, ambao hawakujua uchungu wala haya, walimpachika Pinamen jina: Mtoto wa Mtambaaji. Alikua na jina hilo kama mtu anavyokua na kovu usoni. Siku alipoanza kuwa mrefu kuliko wote waliomcheka, aliapa moyoni kwamba magoti yake hayatagusa theluji maadamu anapumua. Hata kanisani alisali amesimama, padri akachoka kumkemea.

Aliporudi ndani, Tenish alikuwa ameamka. Mtoto alitaka kwenda kwa bibi yake, hatua chache tu juu ya matawi ya sakafu. Alijaribu kusimama, miguu ikakataa. Hakulia. Aliweka mikono chini, akaanza kutambaa kuelekea jikoni, kichwa kimelegea kama ua lililokatwa, naye alikuwa ametembea tangu majira ya joto mawili yaliyopita.

Pinamen aliona mgongo ule mdogo ukiinuka na kushuka. Maji yalikuwa yamemfika shingoni, na sasa yalimfika kinywani. Alichukua bunduki.

"Mama," alimwambia Anishen, "nifunge vizuri magotini. Tumia ngozi ile nzito."

Mwanamke mzee alimfunga, akakaza fundo, kisha akaiweka mikono yake kwa muda juu ya magoti hayo kana kwamba anayabariki.

Ukungu ulikuwa umeshuka tena alipofika ng'ambo ya ziwa. Alivua viatu vya nyavu, akavisimamisha kwenye theluji ili avione wakati wa kurudi. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu utoto wake, Pinamen alipiga magoti. Mwili wote ulimkatalia. Masikio yake yalisikia kicheko cha watoto, wazi kabisa, kutoka ndani ya miti. Alingoja kicheko kiishe. Hakikuisha. Basi akalala kifudifudi na kukifuata.

Gamba la barafu lilimbeba. Halikutoa mlio hata mmoja. Na alipopitisha kichwa chini ya matawi yaliyoshikana, aliona kitu ambacho asingekiona kamwe akiwa amesimama: msitu ulikuwa na mlango, nao ulikuwa chini. Chini ya matawi palikuwa na vijia vilivyokanyagwa hadi vikang'aa, vikipita huku na huku baina ya mashina. Nyuzi za ndevu zilizoangushwa na upepo zilitapakaa kila mahali, na juu yake samadi mbichi, bado inatoa mvuke. Kwenye mashina kulinasa manyoya ya kijivu. Ndevu za miti zilikuwa zimekatwa kwa meno hadi kimo kimoja, msitu mzima, kana kwamba kinyozi mmoja alipita na uzi wa kupimia. Chini ya kimo hicho hapakubaki hata unywele. Miti iliyoangushwa na dhoruba ilikuwa imenyolewa tangu shinani hadi kileleni. Hii ndiyo ilikuwa meza ya atiku, na wakati wote huo yeye alikuwa akipigana na kitambaa cha meza.

Alitambaa. Baridi ilipenya ngozi, ikapenya nyama, ikaufikia mfupa. Ndevu zilizoanguka zilimganda kwenye kofia na mabegani. Kando ya njia walisimama watu. Ndivyo alivyowaona, wamesimama wima, kimya, ndevu zimewafika miguuni bila kuguswa na jino, wakimtazama anavyopita chini yao. Alijiambia kwamba ni miti. Alijiambia tena. Mmoja wao aligeuza kichwa.

Alikuwa atiku jike, mzee, pembe zake ndogo zimepinda, uzi mrefu wa ndevu ukining'inia kinywani mwake. Nyuma yake wakatokea wengine, mmoja mmoja, kama picha zinazojichora kwenye ukungu. Tak. Tak. Jike lilimjia Pinamen moja kwa moja. Lilishusha pua, likamnusa kofia, pumzi yake ya joto ikamwagika shingoni mwa mwanamke huyo. Kisha, kwa utulivu wa mgeni aliyekaribishwa, liling'oa uzi wa ndevu begani mwake, likala.

Pinamen hakupumua. Alihisi machozi yakimtoka bila huzuni. Alipomwona dume kijana asiye na pembe akisimama ubavu kwake, karibu na mti ulioanguka, aliisogeza bunduki taratibu juu ya barafu, akamwomba msamaha kimoyomoyo kama alivyofundishwa, akafyatua.

Msitu wote ulipiga kelele mara moja, halafu ukanyamaza. Atiku waliondoka. Dume lilibaki.

Alipolifikia ndipo alipoiona birika. Ilining'inia kwenye nguzo, nyeusi, imeliwa na kutu, kando ya mti ulioanguka. Nguzo nyingine zilisimama kuizunguka, zimeinamiana juu kama vichwa vya watu wanaonong'onezana. Lilikuwa hema, au lilikuwa limewahi kuwa hema. Turubai ilikuwa imeoza zamani. Hapakuwa na mifupa. Vijia vya atiku vilipita kila upande, lakini vilipofika hapo vilipinda, vikaizunguka duara nzima, na ndani ya duara hiyo theluji haikuwa na alama yoyote. Juu ya nguzo ndefu kuliko zote, kimo cha mtu aliyesimama, ilifungwa bunduki ya zamani, mdomo wake ukitazama mbali, kuelekea ziwani.

Pinamen aliitazama kwa muda mrefu. Wale walioingia zamani wakati wa njaa walikuwa wamelala katikati ya meza, wakilinda mlango usiopitwa na mtu.

Alikusanya vijiti vikavu, akawasha moto mdogo ukingoni mwa duara, akatupa humo kipande cha mafuta ya dume. Mafuta yaliposhika moto, harufu ilisambaa, na pande zote ndevu zikaanza kuyumba, zote kwa pamoja, zote kumwelekea. "Kuleni," alisema. "Mimi nina mtoto, siwezi kukaa." Akaifunga nyama katika ngozi, akaivuta nyuma yake kwa tumbo lilelile alilojia. Hakugeuka, ingawa njia nzima hatua ile isiyoalika ilimsindikiza hadi mahali mwanga ulipoanzia, ikasimama hapo.

Usiku huo Tenish alikunywa mchuzi kijiko kwa kijiko, kwani tumbo lenye njaa ya muda mrefu halipewi karamu ghafla. Shimun alikula hadi akaulamba mfupa. Mwishowe akasema, "Mama Tenish, una ndevu." Anishen alimtoa mkwewe nyuzi zile kofiani, moja moja, akazitia motoni. Mifupa waliitundika juu ya mti, safi, pasipofikiwa na mbwa mwitu, ili atiku wasione wamedharauliwa.

Siku chache baadaye alifika Matshiu, kaka yake Shimun, akivuta ubao wa mizigo usio na mzigo. Alikuwa mtu mnene ambaye sasa ngozi yake ilimpwaya kama koti la kuazima. Mkewe na watoto walikuwa hoi katika hema lao, upande wa pili wa mlima. Pinamen alimpa nyama ya kuwapelekea, na aliporudi, akamchukua hadi ng'ambo ya ziwa.

"Vua viatu, shemeji," alimwambia. "Lala chini."

Matshiu aliutazama msitu, akamtazama yeye. "Nimewinda tangu wewe hujazaliwa. Nilale chini kama mtoto mchanga?"

"Kama hutaki, simama. Wapo waliosimama."

Aliingia kwa miguu yake. Paa! Paa! Hakufika mbali, akarejea uso umemsawijika, hakusema alichokiona. Alivua viatu, akalala kwenye theluji kando ya shemeji yake, akihema.

Walitambaa pamoja hadi kwenye vijia, wakangoja. Ukungu ulikaza. Kutoka mbali, kisha karibu, ikaja sauti: tak, tak, tak.

"Shemeji," Matshiu alinong'ona, "nani yule amesimama kule?"

"Usimtazame. Shusha kichwa. Tazama njia."

Mzee huyo mwenye kiburi chake alishusha kichwa hadi shavu likagusa barafu, na alipokishusha tu, akawaona: miguu mingi ya kijivu, kwato pana, zikimjia chini ya matawi. Wakawinda kilichowatosha, wakaacha mafuta motoni kwa wenye msitu. Kaya zote mbili zilivuka majira ya baridi, na barafu ya mto ilipopasuka, hakuna mtumbwi ulioteremka pwani ukiwa na nafasi ya mtu aliyepotea.

Yule aliyeifunga bunduki yake juu, akangoja chakula kimfuate aliposimama, bado anangoja, na ndevu zake zinarefuka. Nanyi mliosikia haya, amueni wenyewe kama waliotunga methali walikosea: mtaka cha mvunguni sharti ainame.